Kambare wa Kocha Stancil

Nadine Purvis hakumchagua wakili Royce Stancil kwa sababu ya sheria. Alimchagua kwa sababu ya samaki, kama Kaunti nzima ya Tallow, huku kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, ilivyomchagua kwa kila kitu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Stancil alifunga aproni, akasimama nyuma ya karai la mafuta pale kituo cha zimamoto, akawakaangia watu kambare. Jumamosi alifundisha watoto besiboli. Jumapili alipitisha sahani ya sadaka kanisani kwa uso wa mtu aliyeibuni sadaka yeye mwenyewe. Watu walimwita Kocha. Miaka thelathini na ushei alikuwa akisimama mahakamani, na ofisini kwake tuzo za huduma kwa jamii zilijaa ukuta mzima. Vitabu vya sheria vilikuwapo pia, vina vumbi la kutosha kupandia karanga.

Na ujanja wake wote ulikuwa hapo. Tallow ni kaunti ndogo. Watu kumi na wawili wa jopo, wale wanaoamua kesi, huokotwa humohumo miongoni mwa walaji wa kambare. Mtu aliyelishwa Ijumaa anakaa kitini Jumatatu anamtazama wakili kama mjomba wake, na nani atamnyima mjomba? Hiyo ndiyo huduma kwa jamii aliyokuwa akipewa tuzo.

Sasa Toby, mwana wa pekee wa Nadine, alishtakiwa kuchoma ghala la karanga la bosi wake wa zamani. Akipatikana na hatia, ujana wake ungeishia gerezani. Toby aliapa kwamba jioni ile alikuwa kituo cha mafuta cha mji wa pili, gari limemzimikia, na muuzaji wa pale, mama mmoja aitwaye Odessa, ndiye aliyemsaidia kulisukuma.

"Umeshaongea na Odessa, Kocha?" Nadine alimuuliza pale kwenye foleni ya samaki.

"Mama Toby, wewe lala usingizi wako. Hawa watu nawajua mmoja mmoja. Yule fundi bomba unamwona? Mwanawe nimemfundisha mimi kushika gongo la besiboli. Ataanzaje kunigeuka?"

"Sijakuuliza fundi bomba. Nimekuuliza Odessa."

"Kula, dada. Samaki anapoa."

Nadine akala. Baadaye, kila alipokumbuka kwamba alikula, na kwamba alisema asante, alitamani kujizaba kofi.

Siku ya kuchagua jopo ukumbi ulifurika. Mwendesha mashtaka alikuwa binti mwembamba, Bi Ivey, mgeni wa huku, ambaye Stancil alikuwa akimwita "mwanangu" mbele za watu ili aonekane mtoto. Mtoto huyo akasimama, akauliza swali moja tu.

"Nani hapa anamfahamu Bwana Stancil kiasi kwamba itamwia vigumu kuamua dhidi yake? Naomba anyooshe mkono."

Wakili mwenye akili timamu angeruka hapohapo, aombe watu waulizwe mmoja mmoja kama kweli hawawezi kutenda haki. Stancil yeye aligeuka akawatabasamia. Mikono ilipanda safu kwa safu, na kila ulipopanda mkono aliitikia kwa kichwa kama bwana harusi anayepokea zawadi. Nadine alimvuta koti. Stancil hakusikia. Akamwona mwanamke mmoja anasitasita, akamnyooshea kidole.

"Na wewe, Earline, usijifiche."

Earline akacheka, akanyoosha wake.

Jaji Whitlow alivua miwani. "Hongera, Bwana Stancil. Umependwa mpaka umenimalizia watu." Kila aliyenyoosha mkono hakufaa tena kuamua, na kesi ikahamishiwa Kaunti ya Odom, ng'ambo ya mto, ambako hakuna aliyewahi kuonja kambare wake.

Huko ndiko Nadine alikomwona wakili wake bila aproni, na hapakuwa na kitu chini yake. Alianza na kichekesho cha besiboli, kile alichozoea kuwachekeshea watu wa Tallow. Watu wa Odom wakamtazama tu. Jaji alipomwambia alete mashahidi, akapekuapekua karatasi zake. Odessa alikuwa amehamia jimbo lingine tangu wakati wa mavuno, wala hakuna aliyewahi kumfuata achukue maneno yake. Basi Stancil akahamia kwenye machozi ya mama, akamwonyesha Nadine kwa mkono kama anayenadi ng'ombe. Nadine alikaza macho makusudi, asimpe hata tone.

Toby alipatikana na hatia.

"Tutakata rufaa," Stancil alimwambia ngazini, huku anatazama saa. Alikuwa na mazoezi ya watoto.

Ulipofika msimu wa kupanda, watu wa Tallow wakampa Stancil tuzo ya Raia Bora, Jumamosi moja mchana, palepale kituo cha zimamoto. Nadine alipanga foleni, akachukua sahani yake kama wengine. Mkuu wa zimamoto akashika kipaza sauti, akasema kila aliyewahi kuguswa na huduma ya Kocha anyooshe mkono. Mikono ikapanda yote. Nadine naye akanyoosha wake, akauacha juu. Mkuu wa zimamoto, maskini, akaguswa moyo, akampelekea kipaza sauti.

"Kocha," alisema Nadine, "yule Odessa ulimwona?"

Stancil alishika mwiko wake, akakunja uso kwa upole wa mtu anayetafuta jina.

"Odessa yupi, Mama Toby?"

Mafuta yaliendelea kuchemka karaini. Mkono wa Earline ulishuka wa kwanza, kisha wa fundi bomba, kisha mingine. Nadine akaiweka sahani yake, haijaguswa, kando ya ile tuzo, akaenda kwenye gari. Saa za kuona wafungwa zilikuwa zinakaribia kwisha, na gereza liko mbali.