Mabega ya Mama Kola

Mashine zilikuwa zimeanza kunguruma na vumbi la pamba likielea taratibu kwenye mwanga wa dirisha, msimamizi alipofunga mlango wa kiwanda kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mama Kola, aliyeitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kola za mashati tu, akaondoa mguu kwenye cherehani. Akasema hashoni mpaka mlango ufunguliwe, maana moto ukizuka hawana pa kutokea.

"Wewe mama ni mkaidi," msimamizi akasema.

Neno likamtoka mdomoni, likapepea, likatua begani kwa Mama Kola. Lilikuwa na joto la yai lililotagwa sasa hivi na vinyoya vya kijivu. Mama Kola akalisogeza kidogo lisichafue kola. Yeye na neno hilo walikuwa wanajuana. Lilimtua mara ya kwanza utotoni, likiwa dogo kama kifaranga, siku aliyomkatalia mama yake uji. Marehemu mumewe naye alimrushia neno hilohilo kila aliposhindwa kujibu swali lake.

Wifi yake, mpiga pasi, mwanamke wa maneno, akaiweka pasi kando. Akamkumbusha msimamizi kwamba wakaguzi walikuja wakamkataza kufunga mlango saa za kazi, naye akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Walipogeuza mgongo tu, kufuli likarudi.

"Sasa mkaidi si wewe?"

Neno jingine likaruka mpaka begani kwa msimamizi. Likakanyagakanyaga kama linalotafuta pa kulala, likateleza, likazunguka taa, kisha likaenda kutua kwenye bega la pili la Mama Kola.

"Wifi, nisamehe. Nilimlenga yeye."

"Najua, wifi yangu. Kupanda kwa wakubwa halijazoea."

Msimamizi akajipangusa bega, ingawa halikuwa na kitu, akamwambia Mama Kola kesho asije. Jioni Mama Kola akaondoka na maneno yote mawili, akayalaza kwenye kapu la vitambaa, yakalala.

Asubuhi cherehani ya kola ilikuwa na msichana mgeni. Msimamizi akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Msichana akalitazama lile kufuli, akautazama mguu wake, kisha akauondoa polepole kwenye cherehani.

Mpiga pasi akachagua kipande cha kitambaa laini, akakinyoosha kwa pasi, akaenda kumtandikia begani kabla msimamizi hajafungua mdomo.