Kola Iliyokatwa kwenye Nyonga ya Kaltumu

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Kaltumu, fundi cherehani wa sokoni Gisenyi, amepita mbele yako miaka mizima akichechemea, mkono kiunoni, nawe ukageukia simu yako.

Alipokuwa na miaka kumi na saba, madaktari wa ng'ambo ya mpaka, Goma, walimkata mfupa wa paja, wakaugeuza, wakaufunga kwa bamba na skurubu ili nyonga yake isife mapema. Kazi hiyo ilimpa miaka ishirini na miwili ya kukanyaga cherehani. Hilo hakatai. Ila walimruhusu na picha ya eksirei tu, aina ya bamba imeandikwa kwa kalamu pembeni. Karatasi nyingine, hakuna.

Sasa nyonga imeisha, anahitaji ya bandia. Daktari Uwingabire akamweleza polepole:

"Mama, lazima kwanza nitoe vile vyuma. Picha mpya inanionyesha viko wapi, hainiambii bisibisi gani inavifungua. Nikibahatisha naharibu vichwa vya skurubu, navunja mfupa, na nyonga mpya haitashika. Ile picha ya zamani iko wapi?"

Kaltumu akaona haya. Mafundi wote wanajua: hakuna patroni nzuri ya kukatia kitambaa kama eksirei, haikunjiki, haichakai. Aliikata ikawa patroni ya kola, akampa Twahir, jirani yake wa meza. Zamani hizo. Akarudi sokoni kumwuliza.

"Iko hapa, dada!" Twahir alicheka. "Donc, kumbe wanaume wote wa hapa Rubavu wanavaa nyonga yako shingoni?"

"Lete, we mujinga. Pembe yake iko na maandishi."

"Pembe nilipunguza kidogo. Kola za ncha ndefu, watu walisha acha kuvaa."

Kicheko kikamfia Twahir alipomwona Kaltumu ameketi chini, juu ya vitambaa. Wakainua ile patroni ya kola kwenye mwanga. Mfupa wake wa usichana ulikuwa pale, mweupe, na kando yake nusu ya jina la bamba na tarakimu tatu.

Daktari alisoma, akapiga simu mbili kuulizia bamba hilo.

"Inatosha," akasema. "Upasuaji utachukua saa nyingi kuliko kwa mtu asiyewahi kupasuliwa, na damu zaidi itamwagika. Lakini inatosha."

Inatosha! Mguu wa mtu uliachiwa mkasi wa Twahir, kwa sababu hospitali haikuona haja ya kumwandikia. Wewe nawe una chuma mwilini, au mama yako anacho. Inuka. Nenda leo hospitali, kabla hawajafunga dirisha la kumbukumbu, uwaambie waandike walichokuwekea, na usiondoke bila karatasi.