Maua ya Chumba cha Chini ya Ngazi

Mama yake fundi rangi alilala chumba cha chini ya ngazi, ambacho ukuta wake mmoja ulikatwa mshazari na dari iliyoinama. Alimwomba mwanawe amchoree maua, kama yale aliyowachorea wateja kwa karatasi ngumu iliyotobolewa umbo la ua. Fundi akapima, akatikisa kichwa.

"Mama, ukuta huu umekaa upande. Maua yatakatika pale juu. Ngoja nitafute mpangilio mzuri."

"Yakatike tu, mwanangu. Nani atayakagua?"

Lakini fundi alikuwa na jina lake mjini, hakutaka kuliharibu nyumbani kwa mama yake. Kazi za watu zikammeza, akaahirisha na kuahirisha, huku macho ya mama yakififia naye asitie maanani.

Alipokuja hatimaye na rangi, mama alikuwa haoni kabisa. Fundi akachora, akiisogeza karatasi ua kwa ua, hadi penye mwinamo ua la mwisho likabaki nusu. Kumbe angeweza kuyachora hivyo hivyo tangu siku alipoombwa.

"Yamependeza?" mama akauliza.

"Yamependeza, mama."

"Basi nieleze."

Fundi akaketi kitandani kando yake, akaanza kumweleza, ua kwa ua.