Aparei ya Papa Isidore

Kumaliza kilio bila tisheti zenye sura ya marehemu, hapa Kalemie watu watasema ulizika mbwa. Hilo ndilo lililomkosesha Kapinga usingizi. Siku ya kumaliza kilio cha baba yake, Papa Isidore, ilikaribia, na picha zote za mzee ziligeuka uji ziwa lilipopanda likaingia nyumbani. Basi alipokuta ndani ya sanduku la marehemu kidude cheusi chenye jicho la kioo, roho ikamrudi.

Prospère, mpiga picha wa mtaa, alipoletewa alikitambua palepale. "Aparei ya zamani hii, Mama Kapinga. Na filimu ingali ndani, haikuisha."

Kapinga akakumbuka: siku ya harusi yake mzee alimshikisha mtu aparei hiyo, akasimama apigwe picha yeye mwenyewe.

"Nitaituma Lubumbashi waioshe, watoe picha," Prospère alisema. "Lakini musiifungue. Mwanga ukiingia, sura yake imekwenda."

Ukoo ungeishia hapo, ungekuwa ukoo gani? Baba mdogo wa Kapinga, Papa Toussaint, alikuwa amerudi kutoka Manono, na tangu aone wageni wanavyopima ardhi kule wakitafuta litiamu, kila chuma kwake ni madini. Kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee na Prospère, alisoma namba zinazozunguka lile jicho la kioo: mita moja, mbili, tano, kumi, kisha nane iliyolala.

"Hii njo mashini ya kutafuta litiamu," alisema. "Mita za kuchimba hizi hapa. Pale nane inapolala, njo kwenye mali yenyewe."

"Baba mudogo, ni aparei ya picha. Mita hizo ni za umbali wa muntu anayepigwa."

"Mutoto, muntu akikukataza kufungua kitu, ujue amekwisha kuona kilichomo."

Wazee wote, waliotoka misa asubuhi hiyohiyo, wakamtazama Prospère kama mwizi.

Wakaifungulia uani, juani, asije mtu akadanganywa. Papa Toussaint akauvuta utepe wote wa filimu, akaunyoosha angani kutafuta ramani. Hamkuwa na kitu. Akasema Wabelgiji walikuwa wachoyo, waliondoka na ramani yao. Kapinga alilia kama siku ya mazishi, na hakuna aliyemwuliza analilia nini.

Tisheti lakini zilitakiwa. Kikao kikakaa tena, na Kapinga akasema, kwa adabu zote, kwamba marehemu na Papa Toussaint, kwa kufanana kwao, watu waliwachanganya tangu utoto. Wazee wakafurahi. Papa Toussaint akakataa kupigwa picha badala ya ndugu yake, akasingizia presha, lakini ukoo ulikuwa umekwisha kukata shauri.

Siku ilipofika, parokia nzima ilivaa uso wa Papa Toussaint, na chini yake: PUMZIKA KWA AMANI. Yeye alijifungia chumbani. Kapinga akampelekea tisheti ya kwake, imepigwa pasi vizuri.

"Vaa, Baba mudogo," alisema. "Watu wanakungoja."