Ulimi wa Mpishi

Mpishi wa kantini ya kiwanda alikuwa na ulimi ulioheshimiwa hata na meneja. Akionja mchuzi mara moja tu, anajua kilichopungua. Ulimi huo ndio uliompa riziki yake, na ndio uliomkera mama mkwe.

Mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni, alipika sabuni uani kwa majivu ya maganda ya ndizi. Mikono yake ilikuwa imechoka. Alitaka mkwewe aache kantini, aje akoroge.

"Mke wa mtu kutwa anawapikia wanaume wa watu," alisema, "na mimi hapa nakoroga kama punda."

"Punda hakorogi, mama," mpishi akajibu akicheka.

Mama mkwe hakucheka.

Maji ya majivu lazima yaonjwe. Yakishachujwa, mtu hugusa tone kwa ncha ya ulimi. Yakiuma kidogo, yamefaa. Ulimi wa mama mkwe ulikuwa umekufa zamani kwa tumbaku ya kutafuna, kwa hiyo siku za mapumziko mpishi ndiye aliyemwonjea. Jumapili moja akaletewa kikombe. Kumbe maji yale yalikuwa yamechemshwa tangu asubuhi mpaka yakabaki kidogo, mazito, makali ya kuunguza, kisha yakapozwa.

"Haya mepesi mno, mwanangu, ncha haitasikia kitu. Chukua kijiko kizima. Shikilia, usiteme."

Mtoto wa watu akatii. Ngozi ya ulimi ikatoka kama utando wa maziwa. Mama mkwe akamletea maji, akampapasa mgongo. "Pole, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Kidonda kilipona, ladha haikurudi. Kantini, mchuzi ukawa chumvi tupu. Kesho yake maharage yakarudishwa na sahani zake.

"Dada," meneja akamwambia, "mpishi bila ulimi ni dereva bila macho."

Akavua aproni, akaenda kushika mwiko wa sabuni. Mumewe, dereva wa lori, aliporudi safari alisema, "Afadhali. Mama kapata msaidizi."

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka haukuisha, presha ikamwangusha mama mkwe. Daktari akampigia marufuku chumvi ya kawaida, akampa nyingine ya mkebe.

"Hii ni ya potasiamu," akamweleza. "Ni ndugu wa ile iliyomo kwenye majivu yako, ila hii haiunguzi. Ile ya kawaida itakuua."

Mikebe miwili, huo wa daktari na wa chumvi ya kawaida ya wengine, ikakaa bega kwa bega jikoni, na anayepika ni mkwe.

"Umetia ipi leo?" mama mkwe akauliza siku ya kwanza.

"Nyeupe, mama."

"Zote nyeupe!"

"Basi onja, mama. Shikilia, usiteme."

Bibi kizee akamtazama, akarudisha kijiko sahanini. Angeonja kwa ulimi upi?

Ikawa hivyo kila mlo. Mungu ni shahidi, mpishi alitia ile ya daktari siku zote, hakukosea hata mara moja, maana alimwogopa Muumba wake. Lakini kumwambia, hakumwambia. Alikaa mkekani, mikono mapajani, akitazama tonge linapanda, linasita mdomoni, linarudi sahanini, na mifupa ya mama mkwe inavyozidi kuchomoza mabegani.

"Kula, mama," alikuwa akisema kwa upole. "Chakula kinapoa."