Jumapili Niliyokwenda Antwerp Kuligusa Kaburi

Mume wangu Léonard aliondoka Durban mwaka 2011 akiwa amejificha ndani ya meli. Alikuwa mpakiaji kwenye yadi ya malori kule Clairwood. Kila siku aliona makontena yakienda baharini, mpaka akaanza kuamini kwamba hata yeye anaweza kwenda hivyo. Meli ilipofika Antwerp, Ubelgiji, mabaharia walimkuta amekufa katikati ya mizigo.

Binamu yake Vénérand anaishi mji huo. Ndiye aliyetupigia simu, na ndiye aliyetuambia kwamba amemzika vizuri. Alisema pasta alikuwepo, wanawake wenzetu wa Burundi waliimba, na msalaba uliandikwa jina lote.

Mama mkwe wangu, Marie-Louise, alikataa kumaliza kilio. Alisema mtu wa nyumbani lazima kwanza aliguse lile kaburi. Miaka mitatu hakwenda harusi, hakuvaa nguo ya rangi, na pale kwetu Sydenham, Durban, redio haikuwashwa. Mwaka 2014 kwaya ya kanisa letu ilipoalikwa Brussels, alinikalisha jikoni.

"Libérate, wenzako wanakwenda kuimba. Wewe unakwenda kwa mtoto wangu. Uliguse kaburi lake, urudi unipe mkono wako niushike. Hapo nitavua hizi nguo."

Tulipewa Jumapili moja ya kupumzika, nikapanda treni. Vénérand alinipokea stesheni akiwa na koti jipya na manukato yaliyonichoma pua.

"Karibu Ulaya, shemeji! Eh, umenona! Durban kuko chakula."

"Asante, shemeji. Makaburini ni mbali?"

"Mais doucement, polepole! Umetoka Afrika yote hiyo, uone kwanza mji. Marehemu hakimbii."

Akacheka. Sikucheka, lakini nilimfuata. Ni mkubwa wa mume wangu, na njia anayeijua ni yeye.

Tukafika uwanja wa zamani wenye nyumba ndefu, nyembamba, zenye sanamu za dhahabu juu ya mapaa. Watu walikuwa wakipiga picha. Farasi waliokuwa wakivuta gari la watalii walikuwa wamekojoa juu ya mawe, na harufu ilinifuata mpaka kwenye chemchemi iliyo katikati ya uwanja. Pale pana sanamu ya mwanamume ameinua mkono uliokatwa, anataka kuutupa. Vénérand akanieleza kwamba hapo kale jitu lilikuwa likiwakata mikono mabaharia wasiolipa ushuru wa mto, mpaka huyu akaja akalikata mkono jitu lenyewe.

"Voilà! Ndiyo sifa ya mji," akasema. Akaingia dukani, akatoka na boksi la biskuti. Zilikuwa na umbo la mikono. Mikono midogo, kama ya watoto, imepangwa vizuri.

"Onja, shemeji."

"Sitaki."

"Utafikiri nimekupa nyama ya mtu!" Akauma vidole kwanza, kisha kiganja. Makombo yalimganda kwenye mdomo. Niligeuza uso nikaangalia kanisa lao kubwa.

Akanipeleka mtoni. Maji yalikuwa yamepungua, tope limebaki wazi, linanuka kama bandari yetu siku za joto. Akanipeleka kwenye ngome ya mawe, akanisimamisha hapa na pale kwa ajili ya picha. "Tabasamu kidogo. Watu wa Durban watasema ninakutesa." Akanipandisha kwenye jumba la makumbusho linalotazama magati. Kutoka juu niliona mahali meli zinapoingia, na kreni zimesimama kama zile za nyumbani. Nikamuuliza meli ya Léonard ilifunga upande gani. Akanyoosha kidole kulia, kisha akabadilisha akakipeleka kushoto.

Mchana tukaingia hotelini, akaagiza kome wa baharini, bado wamo ndani ya maganda. Walikuja kwenye sufuria nyeusi. Alikuwa akiwachomoa kwa ganda tupu, akiwafyonza kwa sauti, mchuzi unamtiririkia kidevuni.

"Kula, shemeji. Hii bei yake si mchezo."

"Shemeji, siwezi kula kabla ya kufika pale. Unajua hivyo. Nataka twende."

"Makaburi yanafungwa mapema Jumapili."

"Basi tuondoke sasa hivi."

Hakuinuka. Akafyonza mwingine. Nikachukua pochi yangu nikasimama.

"Niambie jina la makaburi, nitauliza watu njia."

"Kaa chini, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Yanaitwaje?"

Akaweka ganda mezani. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na tabasamu.

"Sikwenda," akasema.

"Hukwenda wapi?"

"Kumchukua. Wakati ule sikuwa na makaratasi, shemeji. Ningekwenda pale kusema mimi ni ndugu yake, wangenishika. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho ikapita."

"Na pasta? Na wanawake walioimba?"

"Mama alikuwa analia kwenye simu. Ungetaka nimwambie nini?"

"Yuko wapi?"

"Sijui. Labda walimzika mahali. Labda walimchoma. Sikuuliza."

"Makaratasi ulipata lini?"

Akapangusa kidevu. Nilitazama koti lake, nikatazama lile lundo la maganda mbele yake. Nilijua alikuwa nayo siku nyingi.

Tulitoka nje. Kando ya barabara palikuwa na bustani ndogo ya maua. Vénérand akainama ghafla, akachota udongo, akaufunga ndani ya karatasi ya kupangusia mikono kutoka hotelini. Karatasi ilikuwa bado na mafuta ya kome.

"Mpelekee mama. Udongo ni udongo. Mwambie umeligusa, avue nguo, sote tupumzike. Atajuaje?"

Kwa ndani palikuwa na kipande cha sigara. Nilikiona kinatokeza. Nikamrudishia mikononi mwake, nikaenda stesheni peke yangu. Kwenye treni nilitapika, ingawa tumbo lilikuwa tupu. Mama mmoja Mzungu alinipa maji.

Brussels tulikuwa tunaondoka kesho yake alfajiri. Dada Estella, mwenyeji wetu wa kanisa, aliandika jina la Léonard na jina la meli, akaniahidi kwamba atakwenda kuuliza kwenye ofisi za mji.

Mama mkwe alikuwa amekaa jikoni nilipoingia nyumbani Durban. Alinyoosha mkono kabla sijatua begi.

"Nipe."

Nilificha mikono nyuma kama mtoto. Nikamwambia yote, hata kome, hata kipande cha sigara. Nilipomaliza akasema, "Mpigie. Weka sauti nje, na wewe unyamaze."

Vénérand alipokea haraka. "Mama! Libérate amefika salama?"

"Hajafika bado nyumbani. Nimeshindwa kungoja. Niambie wewe, mlikwenda?"

Sauti yake ikawa tamu.

"Tulikwenda, mama. Pazuri sana. Libérate alipiga magoti, alilia, mpaka mimi nikamwinua. Nimepanda maua meupe. Sasa pumzika, mama yangu. Mtoto wako amelala vizuri."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akakata simu bila kuaga, akaifuta kwa kanga yake, upande ule sauti inapotokea, akaifuta tena.

"Miaka mitatu namlilia mtu aliye ndani ya maneno ya huyu," akasema.

Nikamuuliza kama nimtengenezee chai.

"Hapana. Shusha godoro chini sebuleni tukae matanga, kisha uwaite majirani. Waambie Léonard amekufa."

Nikaenda kulishusha.