Meza ya Kwenye Picha

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na picha za kuazima hazisitiri duka. Jicho alimwambia kaka yake hivyo mara tatu, na mara zote tatu kaka yake alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka panapotakiwa kusikiliza. Nyumbani walimwita Meneja tangu ana miaka saba, enzi zile kazi yake kubwa ilikuwa kuwapangia wenzake nani akachote maji na nani akaoshe vyombo. Sasa alikuwa meneja kweli. Baba yao, fundi seremala, alipofariki, karakana ilimwangukia yeye, naye akaifungulia tovuti ya kuuza samani.

Tovuti yenyewe ilikuwa aibu tupu. Picha zote zilikuwa za kuokota mtandaoni: sebule nyeupe pee, mazulia ya manyoya, makochi ambayo karakana yao haikuwahi kuchonga hata mguu wake. Mwishowe mteja mmoja akaandika: "Kiti hiki nimekiona kwenye maduka mengine matatu. Nyinyi mnauza viti au mnauza picha?" Siku hiyo Meneja hakucheka. Alimpigia simu mdogo wake, ambaye riziki yake ilikuwa kamera.

"Jicho, njoo utuokoe."

Jicho akaja. Alihangaika karakanani wiki nzima. Alitandika shuka jeupe, akasogeza meza mpya dirishani, akafagia maranda, akapiga, akafuta, akapiga tena. Meza zilitoka safi, zimenyooka, na hazina uhai hata chembe. Fundi mkongwe, aliyefanya kazi na baba yao tangu ujana, alichungulia kwenye kamera akatikisa kichwa.

"Hii ukiifunika juu, binti yangu, ni jeneza."

Jumapili alikwenda kumwona mama, kichwa kimemjaa meza. Alimkuta jikoni anakunywa chai, jua la asubuhi limeingia dirishani na kulala juu ya meza yake. Jicho alisimama mlangoni kama mgeni. Miaka yote alikula juu ya meza ile na hakuwahi kuitazama.

Baba aliitengenezea humo humo jikoni, kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba na meza aliyoitaka mkewe ilikuwa pana. Haikuwa na msumari wala tone la gundi. Aliiunga kwa vigingi vya mbao, na mpangilio wa kuvigonga na kuvitoa alimfundisha mwanawe wa kiume peke yake. Juu yake palikuwa na duara jeusi la sufuria, mikwaruzo ya visu, ufa mwembamba ulioanzia kona ya kushoto, na pembeni mbonyeo laini mahali mama alipoegemeza kiwiko kwa miaka zaidi ya thelathini.

Mama alinyoosha mkono aondoe kikombe.

"Kiache, mama! Usiguse kitu, mwanga utanipotea."

"Haya, piga," mama akasema, akijisogeza nyuma huku anacheka. "Kupiga picha kunapunguza nini?"

Picha ile ilikuwa na kila kitu. Jicho aliitaka iwe ukurasa wa mbele, iwe salamu ya mlangoni, basi. Chini yake akaandika: "Hakuna nyingine kama hii." Lakini wa kuipandisha alikuwa Meneja, na tovuti yake ilikuwa na utaratibu mmoja usiobembelezeka: picha isiyo na bei haipandi. Meneja hakutaka kusumbuka. Akabandika bei ya kutisha, akamwonyesha mdogo wake.

"Nani atanunua meza iliyoungua?"

Jicho aliiona bei ile, naye akacheka. Baadaye, kila alipotaka kumlaumu kaka yake, kicheko chake mwenyewe kilimrudia masikioni.

Siku ya tatu meza ikanunuliwa. Mwenye hoteli mmoja alilipa yote kwa mkupuo. Wakamwomba radhi, wakamwahidi meza mpya, mbao ile ile, bei nusu. Akakataa. Wakaingia kwenye ujinga: fundi mkongwe akachonga nyingine, akaiunguza kwa sufuria, akaikwaruza, akaipasua kidogo kwa patasi, na Jicho akaipiga picha kwa mwanga wa asubuhi. Mwenye hoteli alijibu siku hiyo hiyo: "Ufa wa meza yangu unafika hadi kwenye duara. Wa hii umeishia njiani. Msinichezee, nitawaanika kila mtu ajue nyinyi ni matapeli." Alikuwa ameisoma meza ile mpaka ameihifadhi, na aliyemsomesha alikuwa Jicho.

"Mrudishie hela zake," Jicho akasema.

"Zimeshakuwa mbao." Meneja hakumtazama usoni. "Na jina lililoandikwa pale mlangoni ni la baba, si langu. Unataka baba aitwe tapeli kaburini?"

Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wachumaji walikuwa wawili, na mlaji alikuwa mama peke yake. Walimwendea jioni, wakakaa mezani, ndiyo, meza hiyo hiyo, na Meneja akaeleza kwa mzunguko mrefu. Mama alisikiliza huku kidole chake kikifuata ule ufa.

"Umempa mtu neno?"

"Nimempa, mama."

"Baba yenu hakuwahi kurudi nyuma kwenye neno lake." Akainuka kuosha vikombe. "Chukueni."

Ule ndio ulikuwa wakati wa Jicho kusema. Angeweza kusema hapana, angeweza kulia, angeweza hata kuilalia meza ile. Badala yake alimsaidia mama kukausha vikombe.

Jumatano asubuhi Meneja alikuja na nyundo ya mbao, na fundi mkongwe nyuma yake. Mwenye hoteli alitaka picha za meza ikifunguliwa, ahakikishe ni yenyewe, kwa hiyo Jicho naye alikuja na kamera. Mama alisimama pembeni na chai yake. Meneja alikumbuka mpangilio wote, kigingi baada ya kigingi, hakukosea hata kimoja. Baba alikuwa mwalimu mzuri.

Walipougeuza uso wa meza, fundi mkongwe akavua kofia.

Pale karakanani kila kitu huandikwa kwa chini jina la mwenyewe, kwa penseli ya fundi, mizigo isichanganyike. Hapa mwandiko wa baba ulikuwa mkubwa, umekolea kama wa jana: *Ya mama watoto. Haitoki hapa.*

Fundi mkongwe alitazama ukuta. Kisha Meneja akakohoa.

"Jicho, piga hii. Watu wanapenda vitu vya namna hii. Hii iweke mbele kabisa."

Jicho alitaka kumtukana. Ila jua lilikuwa limeangukia maandishi yale sawasawa, na miguu yake ilikuwa imeshajua pa kusimama. Aliinua kamera. Ndani ya kamera, nyuma ya yale maandishi, alimwona mama na kikombe mkononi, anageuka huku na huku katikati ya jiko tupu akitafuta pa kukiweka. Kidole kilibonyeza kabla moyo haujakataa.

Mama alisikia ule mlio, akamtazama.

"Piga, mwanangu," akasema. "Kupiga picha kunapunguza nini?"

Kisha akainama taratibu, kwa magoti yake mabovu, akakiweka kikombe sakafuni.